Kaka Yako Hafi, Anapungua

Kijiji cha Kichiwa,
S.L.P. 112, Makambako,
Njombe.
6 Oktoba, 1996

Mpendwa wifi Kristina,

Kamwene, wifi yangu. Hujambo huko Korogwe, na shemeji Polikarpo hajambo na mkonge wake? Kifua cha Jasmine kimetulia, au bado kinamsumbua mvua zikianza? Nakuuliza haya mapema kwa sababu nikishaanza habari zangu sitakumbuka tena adabu.

Sisi huku tu wazima. Baridi imetuachia, sasa vumbi ndilo linalotutawala mpaka mvua zije. Watoto wanasoma, viazi vya bondeni vimekubali, ng'ombe amezaa dume kwa mara nyingine kama vile ananikomoa. Mama yenu yuko hapa kwetu tangu wiki iliyopita, ametoka Njombe kwa ndugu yenu Ebeneza, na kila akipita mlangoni ananiuliza ninaandika nini kirefu hivi. Sababu ya kuja kwake utaiona huko mbele.

Barua yako niliipokea Alhamisi pale posta ya Makambako, nikaisoma nikiwa nimesimama. Umezunguka sana, wifi. Umeuliza mazao, umeuliza kanisa, umeuliza mbwa, halafu mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, umeuliza kama ni kweli kaka yako Gideoni amekonda hadi suruali inafungwa kwa kamba, na kama ni ule ugonjwa wa siku hizi, na kama nakuficha. Huyo mtu aliyekuja huko kuuza viazi akakupa habari hizo hakukosea kuona. Amekosea kuelewa tu.

Kaa vizuri basi. Kaka yako hafi. Kaka yako anapungua, anapungua kwa makusudi, na sijawahi kujivunia kitu maishani kama ninavyojivunia kamba ile ya suruali.

Wewe ulimwona mara ya mwisho mwaka ule alipopotea, wakampata reli inakoelekea Mbeya, anatembea juu ya mataruma anajibizana na watu wasiokuwepo. Ulituacha wodini na mkono wake alikuwa hataki uushike. Ndipo wakamwanzishia vidonge vya jioni na sindano ya kila mwezi. Zile sauti zikapungua, zikawa kama redio ya jirani, kisha zikanyamaza. Siku aliponiita jina langu na kuniuliza kama mahindi yameshapaliliwa, nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Kwa hiyo usije ukanisikia nikizisema vibaya dawa hizo. Zilinirudishia mume.

Lakini zilikuja na njaa, na njaa yenyewe haikuwa ya kawaida. Anamaliza sahani yake, anamsaidia mtoto kumaliza ya kwake, kisha anafuata ukoko niliokwisha uloweka. Alikuwa ananitazama kwa aibu huku mkono unaendelea. Mwili ukaumuka. Na huku kwetu unajua wenyewe, kila mtu akafurahi. Kanisani walikuwa wananishika mkono wakisema nimemtunza, amenawiri. Mama akaleta samli. Na mimi nikawa natembea kifua mbele, maana tumbo la mume ndiyo sifa ya mke, na mimi sifa siikatai.

Furaha ikaishia kwenye gogo. Kaka yako kazi yake ni kupasua mbao, na siku zote yeye ndiye mtu wa juu, anasimama kwenye gogo na kuufuata mstari, wakati mwenzake Alois anavuta msumeno akiwa chini shimoni. Mwaka jana mwanzoni akawa hawezi tena kupanda. Akipanda anahema kabla hajaanza, mapaja yanachubuka, miguu inavimba. Alois alivumilia, kisha bila ugomvi wowote akachukua mtu mwingine, kwa sababu na yeye ana watoto. Gideoni akawa wa kukaa kwenye kigoda nje. Suruali zake nikawa nazipata kwa Zamda tu, muuza mitumba wa Makambako, ambaye alikuwa anatuwekea kando zile kubwa kabisa ambazo hajui huko zilikotoka zilivaliwa na nani.

Siku moja nachambua maharage, akaniambia polepole bila hasira, "Dorkasi, dawa hizi zimenirudishia kichwa zikaninyang'anya mwili. Naziacha."

Niliogopa, wifi. Maharage yalinimwagika. Nilimwona tena kule relini, na safari hii nikaona hapatikani. Nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba asiache hata kidonge kimoja mpaka twende kwanza tukamsikilize mganga.

Tulimkuta Mganga Clemens wa hospitali ya misheni, yule mrefu anayeongea kama analipia maneno. Alisema ni kweli, dawa ndizo zinazoleta njaa na mwili ule, wala si uvivu wala ulafi. Hapo kaka yako aliinua kichwa, maana mwaka mzima alijua ni ulafi wake. Akasema lakini kuziacha ghafla ni kurudi kule kule. Akatueleza ugali upungue na mboga ziongezeke, chai iwe bila sukari, soda na pombe ya ulanzi basi, mafuta kwa kijiko, na mguu utembee kila siku. Tumpime uzito mara kwa mara, turudi baada ya miezi mitatu, na mwili ukishuka huku kichwa kikibaki kimetulia, ataangalia namna ya kupunguza vidonge kidogo kidogo, yeye, si sisi.

Basi tukaanza. Nilimpikia figili, chainizi na maharage mpaka watoto wakaniuliza kama tumefilisika. Shida ikawa mizani. Zahanati yetu inayo moja tu, ile ya kuning'iniza watoto wachanga, na nilimwambia nesi kwamba kaka yako akining'inizwa pale itabidi zahanati ijengewe paa jingine. Ndipo nikamkumbuka kaka yangu Festo. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua mahindi, Festo amekuwa tajiri wa Makambako, ana lori, ana ua, na ana mizani kubwa ya kukanyagia ya kupimia magunia. Akasema tumlete mgonjwa, hatumlipi kitu.

Kila siku ya gulio, soko letu la wiki, lori la Festo likawa linatupitia Kichiwa pamoja na magunia. Gideoni anapanda kwenye mizani, wapagazi wanatania, Festo anasoma. Na ilishuka, wifi! Kila tulipokwenda imeshuka. Tukishuka pale tunajipongeza kwa nyama choma kidogo na soda moja, maana mtu akishinda lazima ashangilie, kisha tunarudi nyumbani juu ya lori lile lile. Msimu ulivyokolea ndivyo kaka yako alivyozidi kupungua. Jambo la ajabu lilikuwa moja tu, suruali haikulegea. Mimi nikasema nguo za mitumba huwa zinaruka zikifuliwa.

Miezi mitatu ikafika, tukaenda hospitali kwa shangwe. Mganga Clemens akampandisha kwenye mizani yake, akatazama karatasi, akampandisha tena. Kaka yako alikuwa amezidi. Si kwamba hakupungua tu, alikuwa na kilo tatu za ziada.

Sitaisahau sura yake. Tulipofika nyumbani aliweka kopo la vidonge mezani mbele yangu, akasema amekula majani kama mbuzi na mwili umemcheka, basi yeye na dawa wameachana leo. Nilimwambia anywe cha jioni ile tu, kesho tutaongea. Alikunywa kwa kunihurumia, nadhani, kwa sababu nilikuwa nalia.

Lakini machozi yalipokauka hasira ikaja, na wewe unanijua. Nikajiuliza mizani ipi inasema uongo. Asubuhi nikampeleka Makambako kwa mzee Halfan, yule msafirishaji mwenye malori ya kwenda Zambia na mizani ya kupimia mizigo, mume wa Zamda. Nikamwomba atupimie mtu. Hakuuliza kwa nini. Mizani yake ikasema sawasawa na ya hospitali. Nikamuuliza kama ana hakika nayo. Akajibu, "Mama, nikijidanganya hapa ndani, mizani ya barabarani itaniumbua mbele ya polisi. Mimi uongo huo siuwezi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sio kaka yako aliyekuwa anapungua. Ni magunia ya watu! Festo, kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa anaikaza skrubu ya mizani kidogo kidogo kadiri msimu ulivyokolea, na wakulima wakilalamika kwamba gunia limekuwa jepesi anawaambia mahindi yamekauka. Yamekauka kweli, na mume wangu naye akakaukia hapo hapo. Na sisi tukawa tunashangilia kwa nyama choma.

Nilimwambia Gideoni turudi nyumbani nikapoe kwanza. Yeye ndiye aliyekataa. Alisimama katikati ya barabara na ule mwili wake, akasema twende kwa Festo sasa hivi, ni siku ya gulio, watu wapo.

Akina mama wa Kichiwa walikuwa kwenye mstari na magunia yao. Kaka yako akapita mbele, akaomba radhi, akapanda juu ya mizani. Mimi nikasoma kwa sauti, na unajua sauti yangu kwaya haijawahi kuitafutia kipaza. Kisha nikawaambia jirani zangu kwamba huyu mnamjua, wengine mnamwita kichaa wa reli, sawa, njooni tumpeleke mahali pengine mkaone uzito wake. Wakatufuata, magunia wakayaacha na watoto. Tulivuka barabara kuu kama msafara wa harusi, Gideoni mbele. Kwa Halfan akapanda tena, na safari hii alisoma mama mmoja mwenyewe. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kaka yako.

Tuliporudi Festo alijaribu kusema springi imechoka. Gideoni hakumtukana. Alimwambia mbele ya wote, "Shemeji, mimi niliwahi kuumwa kichwa nikasikia vitu visivyokuwepo. Wewe mzima umetuonyesha kilo zisizokuwepo." Akina mama wakapiga vigelegele, na wapagazi nao wakacheka. Aibu ile ni ya ukoo wetu sisi, si wenu, na nimeibeba. Festo alikwenda kuomba radhi kwa wazee wa kanisa, mkaguzi wa mizani akaja kuifungua, na mpaka leo kaka yangu akiniona anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Ila lori lake likakoma kutupitia tangu siku ile.

Sasa sikiliza utamu. Wanawake wale hawakumwachia kaka yako. Gulio lililofuata walimjia nyumbani alfajiri wakitaka aende nao, kwa sababu jiwe la kupimia hawana, na mtu wa kilo zinazojulikana wanaye. Akawa anapita kwanza kwa Halfan anapimwa, kisha anaongozana nao kwa mnunuzi yeyote, anapanda kwenye mizani yake. Ikikubaliana na ya Halfan wanauza. Isipokubaliana wanageuza magunia. Wanunuzi walipomwona anakuja walianza kufuta vumbi kwenye mizani na kumkaribisha kiti. Na kwa kuwa lori la Festo halikuwepo tena, ilibidi atembee.

Mwanzoni alikuwa anaishia nusu ya njia, anaomba kupanda trekta. Baadaye akafika. Baadaye akafika na kurudi. Baadaye akawa anawasukumia akina mama baiskeli zenye magunia kwenye vile vilima vyetu, na siku zisizo za gulio ananiambia anakwenda kunyoosha miguu, anapotelea Makambako kusalimiana na Halfan. Nyama choma ilikwisha yenyewe, kwa sababu mtu anayesubiriwa na mstari mzima wa watu hana muda wa kukaa kwenye jiko la nyama. Njaa haikuondoka kabisa, nisikudanganye. Ikimshika anakunywa maji, anatafuna karoti, ananiudhi kwa maswali ya kilimo mpaka ipite. Vidonge hakuacha. Sindano hakukosa. Mimi sikumkumbusha hata mara moja.

Mizani ikawa inashuka, na safari hii suruali ikashuhudia. Ikatokea hata vurugu, wakulima wakaanza kulalamika kwamba jiwe lao linayeyuka, kila wiki lazima wakariri uzito mpya. Mama mmoja alimsihi anenepe kidogo mpaka msimu uishe. Jina la kichaa wa reli limekufa. Siku hizi gulioni wanamwita Jiwe, na akiitwa hivyo anageuka na kutabasamu. Wifi, mimi nilisahau kwamba mtu yule ana meno mazuri.

Mwezi wa saba mwaka huu Alois alikuja mwenyewe. Yule mwenzake mpya mstari unamshinda, mbao zinatoka zimepinda. Kaka yako alipanda kwenye gogo, akasimama, akapumua, akanitazama. Nami nikajifanya natafuta kuku. Walipasua mpaka jua la jioni, na ubao wa kwanza uliotoka ulikuwa umenyooka vile vile. Mganga Clemens amepunguza vidonge nusu, sindano inaendelea, na anasema mtu akitulia hivi hana haja ya kuharakisha zaidi. Damu wamempima kila kitu. Na ule wasiwasi wako wa herufi ndogo tumeupima pia, mimi na yeye wote wawili, na sote tu wazima.

Lakini watu ni wale wale waliosema amenawiri. Sasa wakaanza kusema amekwisha. Siwalaumu sana, barabara ile ya Makambako tumezika wengi, na siku hizi mtu akikonda jirani anahesabu. Shangazi mmoja wa kanisani alinishauri nianze kuweka nguo zangu za msiba tayari. Nilimwambia nguo nimeshaanza, nampa fundi za Gideoni azibane. Hata hivyo iliniuma. Mwaka jana nilikuwa mke mwema kwa sababu mume ana tumbo, mwaka huu nimekuwa mchawi kwa sababu hana.

Habari hizo ndizo zilizomfikia Mama huko Njombe, kama zilivyokufikia wewe. Alishuka kwenye basi na kuku kwapani, maparachichi kwenye kikapu, na chupa ya dawa za mizizi, na alianza kulia akiwa bado getini. Alimshika Gideoni uso, akamshika mikono, akasema dawa za hospitali zilimjaza upepo kwanza, sasa zinamnyonya, na yeye hatabaki kutazama. Akataka kopo la vidonge litupwe chooni siku hiyo hiyo, mwanawe aanze mizizi na supu. Mimi nilinyamaza, wifi, ingawa hutaamini. Mbele ya Mama kauli yangu ni ndogo, na nilijua kaka yako hajawahi kumkatalia mama yenu kitu tangu azaliwe. Nilisimama pale nimemshika yule kuku wake, nikifikiri kwamba mwaka wote huu unaweza kuondoka kwa sentensi moja.

Gideoni alimkalisha Mama kwenye kigoda. Akachuchumaa mbele yake, na nikaona jinsi alivyochuchumaa kwa wepesi. Akamwambia, "Mama, hukuniona nikipotea, uliniona nikirudi tu. Kichwa changu kimeshikwa na dawa, na mwili wangu nimeurudisha kwa miguu yangu mwenyewe. Supu nitakunywa. Vidonge siachi, hata ukilia."

Mama alilia kweli, lakini ule ukali ulimtoka. Akauliza kidonge kinanywewa saa ngapi, na kama ni kabla ya chakula au baada. Tangu jioni ile ni yeye anayeleta kikombe cha maji, anasimama pale mpaka amwone kameza, na kama nimechelewa kupika ananiuliza kwa sauti ya mkwe kama nataka mwanawe arudi relini. Nimefurahi kukaripiwa hivyo kuliko nilivyowahi kufurahi kusifiwa. Maparachichi tumegawana na jirani, yeye kaka yako akapata nusu moja.

Nisalimie shemeji Polikarpo na umwambie mashuka aliyotuma tulipokea. Msalimie Jasmine na wadogo zake wote. Ebeneza na mkewe wanakusalimu, Alois anakusalimu, Zamda anakusalimu na kusema amepoteza mteja wake mkubwa kuliko wote. Mama anasema ule vizuri na usali. Kaka yako anakusalimu kwanza na mwisho, ametoka na baiskeli ya watu na hatarudi mpaka jioni. Mungu awalinde huko, awape afya na usingizi wa amani, na mvua zenu zije bila kumgusa mtoto kifua.

Umeniandikia kwamba umeanza kuweka nauli ya kuja kumzika ndugu yako. Usiitumie kwa kitu kingine, wifi. Panda nayo basi wakati wa Krismasi, ushuke Makambako, na usimtafute mtu wa kukubebea mzigo. Atakuwa amesimama pale stendi anakusubiri, na sanduku lako atalibeba yeye kwa mguu mpaka nyumbani.

Wifi yako akupendaye, na kelele zake zote,

Dorkasi, mke wa Gideoni